Mtoto Mmoja Kwenye Skrini

Muuguzi hakubadilisha hata neno. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono ameifumbata kifuani kuficha blauzi iliyolowa maziwa, akarudia kile kile alichokisema tangu walipomleta kituoni.

"Kwenye skrini alikuwa mtoto mmoja, afande. Nikampa dawa huyo mmoja."

"Na wodini walikuwa wangapi?" Inspekta akauliza.

"Wodini walikuwa wengi, vitanda vimebanana hadi mlangoni, na mimi niko peke yangu. Tunafuata skrini. Kufuata kichwa tumekatazwa, maana zamani watu walikuwa wanasahau."

"Kwa hiyo hukujua kama ni pacha?"

"Wa pili aliletwa baadaye, akalazwa ukutani upande wa pili kwa kukosa nafasi. Mimi nimeingia zamu wakati tayari wamelala. Ningejuaje?"

Inspekta alivua sweta lake akamfunika nalo mabegani. Muuguzi alilivuta mbele, akashukuru kwa kutikisa kichwa. Alikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani, ameachiwa bibi yake, na maziwa yalikuja kwa saa zake kama kawaida. Hayakujua kwamba mwenyewe yuko mahabusu.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na ndiyo maana kila mtu alitaka kuimaliza. Mama mmoja alijifungua wasichana wawili. Daktari akawaandikia wote sindano ile ile ya kuzuia homa ya damu. Mmoja alipata. Mwenzake hakupata, akafa. Inspekta alikwenda hospitali mwenyewe, akaiona skrini ya dawa kwa macho yake: wasichana wawili, mmoja ana alama ya kupewa, mwingine hana. Kila aliyeitazama skrini ile aligeuka akamtazama muuguzi kama mwongo.

Mkuu wa kituo alimkuta Inspekta kwenye korido.

"Skrini ina wawili, yeye anasema mmoja. Mchana apelekwe mahakamani."

"Nipe asubuhi hii tu, mkuu."

"Ya nini?"

"Mwongo akiulizwa mara nyingi huongeza kitu. Huyu haongezi wala hapunguzi."

"Ameukariri uongo wake, basi." Mkuu alitazama mlango wa chumba cha mahojiano, akashusha sauti. "Akishafika mahakamani ni rumande moja kwa moja, najua. Na mimi nina wajukuu. Lakini mama wa marehemu yuko pale mapokezi tangu alfajiri, ananiuliza nimefanya nini. Utamwambia wewe? Kalete kitu chenye mguu na mkono. Usiniletee mashine."

* * *

Ofisi ya waunganishaji ilikuwa juu ya duka la magodoro. Ngazi zilinuka gundi na plastiki mpya. Inspekta alisimama mlangoni akitazama kabla ya kubisha, kama alivyozoea: meza chache zilizotazamana, nyaya zilizofungwa kwa mabaki ya kitambaa, feni inayozunguka bila kuleta upepo, na watu wanne wasioinua vichwa.

Kazi yao alikuwa ameelezwa hospitalini. Programu ya mapokezi ilinunuliwa kwa watu hawa, programu ya dawa kwa watu wale, na mbili hizo hazikuwa na lugha moja. Timu hii ndiyo iliyotengeneza kitu cha katikati, kinachochukua habari za mgonjwa huku na kuzifikisha kule. Wao walikiita kiungo.

Kiongozi wao alikuwa bwana mnene mchangamfu ambaye hata wafanyakazi wa hospitali walimwita Kocha, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kuingiza mpira.

"Karibu, afande, karibu. Tumesikia habari za mtoto yule mchanga. Inauma. Lakini sisi pasi yetu ilifika. Kama mshambuliaji hakufunga, utamlaumu kiungo?"

"Sijamlaumu mtu bado. Nataka kujua kama mlibadilisha kitu wiki ile."

"Tunabadilisha kila wiki. Ila hapa kwetu mpira hauingii wavuni bila kuguswa na watu wawili." Akamvutia kiti mbele ya skrini yake. "Mtu akiandika badiliko, haruhusiwi kuliingiza mwenyewe. Wenzake wawili wakae, walisome mstari kwa mstari, wakiridhika wanabonyeza hapa: *Nimepitia*. Pasipo hivyo haliendi popote. Hospitali ngapi zina kitu kama hicho? Daktari akiandika dawa, nani anaikagua?"

"Na wasiporidhika?"

"Wanaandika pingamizi. Lakini siku hizi..." Kocha akatabasamu, akaonyesha ukutani kwa kidevu.

Ukutani kulikuwa na mchoro mkubwa uliochapwa kwa rangi. Mstari mwekundu wa pingamizi ulianza juu, ukapanda na kushuka kama milima, kisha mahali fulani ukaanguka wima hadi chini na kulala hapo. Juu ya mchoro kulikuwa na karatasi yenye herufi nene: ALIYEONA ATAREKEBISHA.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ndiyo dawa yangu." Kocha alifurahi kuulizwa. "Zamani, afande, tulikuwa tunakaguana hadi tunachukiana. Huyu anamkosoa mwenzake nafasi kati ya maneno, yule anajibu kwa kumkosoa jina la kitu. Kazi inalala wiki nzima watu wanabishana. Hospitali inapiga simu, mimi ndiye natukanwa. Nikasema basi. Ukiona kosa kwenye kazi ya mwenzako, hongera, ni lako. Urekebishe wewe mwenyewe, na ratiba yako isisogee. Utaona kama wataleta tena mambo madogo madogo."

"Wakaacha?"

"Siku ile ile. Tazama mchoro. Ubora umepanda, ugomvi umekwisha."

Inspekta aliutazama mstari ule ulipoangukia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wizi wa majumbani kabla ya kuletwa kwenye vifo. Alijua mitaa ambayo taarifa za wizi zilikatika ghafla namna hiyo. Hakuwahi kuukuta hata mmoja ambao wezi walikuwa wameokoka. Kila alipogonga milango aliambiwa jambo moja: ukienda kuripoti, unalazwa ndani wewe kwanza.

 Akaomba aonyeshwe badiliko la wiki ile.

* * *

Aliyeliandika alikuwa kijana mrefu waliyemwita Umeme kwa kasi yake. Alikuja na kikombe cha chai, akakaa bila kukinywa.

"Ni kitu kidogo, afande. Mapokezi walikuwa wanamwandika mtu mmoja mara mbili. Amekuja asubuhi, kaandikwa. Amerudi mchana na karani mwingine, kaandikwa tena. Basi kule kwenye dawa anatokea mara mbili, anapewa mara mbili. Hatari. Nikaandika kiungo kiwatafute wanaofanana kisha kiwafanye mmoja."

"Wanaofanana kwa nini?"

"Kwa watu wazima, kitambulisho. Watoto wachanga hawana kitambulisho, hata jina hawana, wanaandikwa *mtoto wa fulani*. Kwa hiyo nikasema: mama ni yule yule, siku ya kuzaliwa ni ile ile, jinsia ni ile ile, wodi ni ile ile. Huyo ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili."

Inspekta aliacha kuandika. Uso wake haukusogea.

"Hakuna watoto wawili wanaoweza kufanana hayo yote?"

Umeme alifikiri. Alifikiri kwa dhati, macho juu kwenye feni. "Hapana," akasema. "Kwa nini?"

Hakuwa anaigiza. Inspekta alikwisha kuwaona waigizaji wengi. Huyu alikuwa kijana asiye na mtoto wala mdogo wake, mtu aliyejua watoto kama mistari ya programu, na pacha hawakumpitia akilini hata kwa bahati mbaya.

"Na wakishafanywa mmoja, wanaweza kuachana tena?"

"Faili moja likifungwa. Mgonjwa akiruhusiwa, au..." Akasita. "Au akifariki. Kiungo kinalinganisha mafaili yaliyo wazi tu. Moja likifungwa, yanarudi mawili."

Mtoto aliunganishwa na dada yake akiwa hai, na kifo chake kikawatenganisha. Ndiyo maana skrini sasa ilimsuta muuguzi. Inspekta alikuwa na maelezo yote kichwani, na mkononi hakuwa na kitu.

Alitoka nje kwenye ngazi, akampigia mkuu.

"Kila kitu ni nadhani, nadhani," mkuu akamjibu baada ya kumsikiliza. "Wakili wa hospitali atakula nyama na mifupa. Hao watu wenyewe wanasema hivyo?"

"Naweza kuwaomba wajaribu, waweke pacha wa uongo tuone."

Alipomuuliza Kocha kama jaribio linawezekana, bila kutaja pacha, uchangamfu ulimtoka kama upepo kwenye mpira. Kugusa mfumo wa hospitali bila idhini ya wanasheria, hapana. Wanasheria wangetaka barua, barua ingetaka kikao. Hapo muuguzi angekuwa rumande, na maziwa yamemkauka.

Inspekta akarudi kwenye skrini. Chini ya badiliko la Umeme kulikuwa na alama mbili za *Nimepitia*. Moja ilikuwa ya mzee wa timu. Nyingine ilikuwa ya mama aliyeketi dirishani.

"Mzee huyu siku hiyo alikuwa kazini?"

Kocha akakuna kichwa. "Mjomba? Siku hiyo... alikwenda kung'olewa jino."

"Sasa amepitiaje?"

Umeme, aliyekuwa amesimama nyuma yao, aligeukia kikombe chake. Inspekta alikiona kitendo hicho akakishika. Mtu aliyeandika haruhusiwi kupitisha. Mtu mwenye haraka, ambaye meza yake imetazamana na meza ya mzee, anaijua nywila ya mzee kama anavyojua ya kwake.

"Kijana, kaa. Ulimsaidia Mjomba kubonyeza?"

"Mimi? Hapana, afande."

"Nywila yake unaijua?"

"Kila mtu anaijua. Ni jina la mkewe."

"Ya kwako pia," sauti ikatoka meza ya pembeni, "ni jina la mke wa mtu." Mwenye sauti alikuwa mzee mwembamba, fulana ya kufumwa juu ya shati, shavu bado limevimba. Hakuna aliyecheka. "Mwacheni mtoto wa watu. Nilibonyeza mimi."

"Ukiwa wapi, mzee?"

"Kwenye benchi la daktari wa meno, nangoja zamu. Kwa simu." Mjomba akaitoa simu mfukoni, akaiweka mezani. Kioo chake kilikuwa kidogo na kina ufa. "Kocha aliniandikia kwamba kazi imekwama kwa ajili yangu. Nikafungua. Mistari mingi, maandishi kama chawa, jino linanipiga nyundo. Nikasema moyoni, Maswali ataiona. Yule huona hata kilicho nyuma ya ukuta. Nikabonyeza."

"Hukusoma?"

"Nilitazama," mzee akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, "Sikusoma, mwanangu."

Dhana ya Inspekta ikafa hapo hapo. Hapakuwa na nywila iliyoibwa. Palikuwa na mzee mwenye maumivu ya jino, tu.

* * *

Waliyemwita Maswali ndiye yule mama wa dirishani, mwanamke ambaye hajafika makamo, nywele amezifunga kwa kitambaa cheusi. Hakuwa amesema neno tangu Inspekta aingie. Walikaa kwenye chumba kidogo cha vikao, kati yao meza yenye alama za vikombe.

"Kwa nini wanakuita Maswali?"

"Nilikuwa nauliza sana."

"Ulikuwa?"

"Zamani." Akanyoosha kona ya kitambaa. "Unataka nikuambie nini, afande? Nimebonyeza. Jina langu liko pale."

"Nieleze tu badiliko lile linafanya nini. Mimi si mtu wa kompyuta."

Alieleza vizuri kuliko Umeme, taratibu, kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi. Makarani wanaandika mtu mara mbili, kiungo kinatafuta wanaofanana, kinabakiza mmoja.

"Halina ubaya, basi."

"Nia yake ni nzuri."

"Kwa hiyo muuguzi ndiye aliyekosea." Inspekta alifunga kalamu yake, akaanza kukusanya vitu vyake bila haraka. "Skrini ilimwonyesha, naye akamruka mtoto. Uzembe. Mchana huu anakwenda mahakamani, atakaa rumande muda mrefu."

"Si haki," Maswali akasema.

"Kwa nini?"

"Angemjuaje? Kwake yule wa pili hakuwepo."

Feni ya nje ilisikika ikizunguka. Inspekta aliirudisha kalamu mezani.

"Wa pili yupi, dada?"

Maswali alianza kufuta alama ya kikombe mezani kwa kidole.

"Tangu nimeingia humu nimesema mtoto mchanga. Kocha anasema mtoto yule. Umeme nimemuuliza kama watoto wawili wanaweza kufanana, akasema hapana, na anaamini. Mjomba hakusoma. Gazeti limesema mtoto. Hospitalini nimewafunga midomo mwenyewe. Wewe peke yako unajua walikuwa wawili. Nani amekuambia?"

Mwanamke yule hakulia. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitazama.

"Hakuna aliyeniambia. Niliposikia kwamba mtoto amekosa dawa kwenye wodi ile, nilijua. Nilijua hata kabla Kocha hajamaliza kusoma ule ujumbe. Kwa sababu niliona."

"Lini?"

"Siku ile ile, wakati wa kupitia. Nilikuwa nimeshasimama, mkoba begani. Nikasema ngoja niipitie upesi nikamchukue mwanangu. Nikafika pale kwenye mama yule yule, siku ile ile. Nikajiambia, na pacha je?" Akavigeuza viganja. "Niliandika hivyo hivyo. *Na pacha je?* Nikafuta."

"Kwa nini ulifuta?"

"Afande, umeiona ile karatasi ukutani? Nikiliuliza lile swali, ni langu. Si mstari mmoja. Ni kuvunja ulinganishaji wote na kuujenga upya, kuongea na watu wa mapokezi waweke alama ya pacha, na hawatuwekei kitu bila vikao. Kazi zangu mwenyewe zinanisubiri, hazisogezwi. Mwezi uliopita nililiona kosa la Umeme, dogo tu, nikasema. Nikakaa nalo hadi jioni. Kufika kwenye kituo cha watoto, mwanangu yuko kwenye ngazi peke yake na mlinzi, amejikojolea. Yule dada wa kituo akaniambia, mama, ukichelewa tena utafute pengine. Pengine wapi? Sina mama hapa mjini, baba yake yuko safarini kila siku."

"Kwa hiyo ukabonyeza."

"Nikasema Mjomba ataona. Mjomba ni mtu mzima, amelea, ana wajukuu. Ataona tu. Yeye akiona, ni lake." Sauti yake ikapasuka kidogo, akaikaza. "Nikawahi kufika. Siku hiyo nilikuwa wa kwanza kufika. Mwanangu akashangaa."

 Kwa maneno yale yale, watu wawili walikuwa wameachiana mtoto wa mtu, kila mmoja akiamini mwenzake amempokea. Na Umeme, aliyekuwa katikati yao, hakujua hata kama watoto huzaliwa wawili.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Maneno haya nikiyaandika na wewe ukatia sahihi, muuguzi anaweza kutoka leo. Lakini yatakuwa yako. Unaweza kusema hutaki kuongea hadi umpate wakili. Ni haki yako. Nisipokuambia hivyo nitakuwa nimekuonea."

"Yule muuguzi ana mtoto?"

"Ananyonyesha."

Maswali alikifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, taratibu. Nje, mtu alicheka kwenye simu, akakatisha kicheko ghafla alipokumbuka.

"Andika," Maswali akasema.

* * *

Mkuu alisikiliza maelezo yote yakisomwa kwenye simu bila kukatiza. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imelegea kwa nafuu.

"Safi. Muuguzi nitamwachia sasa hivi, mama mkwe wake yupo hapa nje na kichanga kinalia tangu asubuhi. Huyo mwingine njoo naye."

"Mkuu?"

"Huyo aliyeona. Njoo naye."

Inspekta alitelemka ngazi mbili tatu ili asisikike. Mlangoni kwa duka la magodoro watu walikuwa wakipakia kitanda kwenye gari. "Mkuu, waliokosea ni wengi. Aliyeandika..."

"Aliyeandika alijua?"

"Hakujua."

"Mzee?"

"Hakusoma."

"Kiongozi wao?"

"Ameweka utaratibu mbaya, mbaya kabisa. Ndio uliowafunga watu midomo."

"Utaratibu haukai kizimbani, Inspekta. Asiyejua na asiyesoma ni mzembe, na mzembe nitampeleka kwa mwajiri wake. Aliyejua mtoto anaweza kufa kisha akanyamaza, huyo ana kesi. Nawe ndiye umeniletea maelezo yenye sahihi, tena mazuri."

"Huyu ndiye peke yake aliyefanya ile kazi ya kupitia. Peke yake alisoma. Tukimchukua yeye, unajua wengine watajifunza nini?"

Kwenye simu zilisikika sauti za kituoni: viti vikisogezwa, mlango wa chuma, kilio cha mtoto mchanga kikikatika katikati kama aliyezibwa mdomo kwa kitu alichokuwa akikitaka. 

"Umemsikia?" mkuu akauliza, polepole. "Huyo ameshapata. Shukuru kwa hilo. Sasa mama wa marehemu bado yuko mbele yangu. Nimwambie ni mchoro wa ukutani? Njoo naye."

Simu ikakatika.

Inspekta alibaki ameegemea ukuta. Alikuwa amekuja kutafuta ukweli, na ukweli ulikuwa umempa mkono bila kushurutishwa, kwa hiari yake. Angeweza kuichana karatasi ile. Angeichana, muuguzi angerudi benchini, na kilio kile kingeanza upya. Alihesabu upande huu na upande ule, na kila upande palikuwa na mtoto anayengoja mama yake.

Alipanda tena.

Maswali alikuwa tayari amesimama, mkoba begani. Alimtazama Inspekta usoni, hakuhitaji kuambiwa.

"Naomba nipige simu moja. Kuna jirani, labda atakwenda kumchukua."

"Piga. Piga hata tatu."

Jirani hakupokea. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa, na Maswali akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto anapenda kushikwa mkono wa kushoto, na kwamba akiulizia, aambiwe mama yuko kazini. Kocha alikuwa amesimama mbali, mikono mfukoni, midomo ikichezacheza kutafuta neno la kiwanjani lisilokuwepo. Umeme alikuwa ameinamia meza. Alikuwa ameambiwa sasa. Mbele yake kikombe kile cha chai kilikuwa kimeganda utando juu.

"Twende, dada," Inspekta akasema. Hakumshika mkono wala hakumfunga.

Walipokuwa wakipita kati ya meza, simu ya Kocha ikalia. Hospitali. Kuna badiliko jingine lilikuwa likingoja tangu asubuhi, la vipimo vya damu, na maabara ilikuwa imesimama. Kocha alijibu ndiyo, ndiyo, sasa hivi, akaifunika simu kwa kiganja.

"Mjomba, tafadhali. Pitia hiyo ya maabara. Wamekwama."

Mzee alivaa miwani yake. Safari hii hakutumia simu ya kioo chenye ufa. Alilifungua badiliko kwenye skrini kubwa, akaanza kusoma kweli, kidole kikifuata mistari, midomo ikisogea. Inspekta alijikuta amepunguza mwendo. Kidole cha mzee kilishuka, kikashuka, kikasimama. Kikarudi juu mstari mmoja. Kikasimama tena pale pale.

Mjomba aliinua macho. Alimwona Maswali na mkoba wake, akamwona askari aliyesimama nyuma yake. Akayarudisha macho kwenye skrini, akabonyeza *Nimepitia*.

"Umeona nini, mzee?" Inspekta akamuuliza.

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya fulana yake, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Mimi, afande? Sijaona kitu."